Shoga yako anaumwa kibofu? Usimwache njiani

Kama ilivyo ada ya kona hii tunaongea yale ambayo wengi tunayaongea jikoni kwa sauti ya chini. Mwezi huu naomba tuongee kuhusu haja ndogo. Najua wapo watakaokunja uso na kukimbilia kurasa za mitindo. Subirini kwanza, jamani. Sisi marafiki ni hodari wa kushona sare za harusi, hodari wa kuchangiana shughuli, na hodari zaidi wa kumliwaza mwenzetu aliyeachwa. Lakini rafiki akisema, "Mwenzangu, nikienda msalani naona damu," tunabaki tunatazamana.

Twendeni Tumbe, kule kaskazini ya Pemba, wilaya ya Micheweni. Anayeijua Tumbe analijua diko lake, samaki wanavyoshuka na wachuuzi wanavyogombea bei. Sasa tuseme unaye shoga yako pale, mama wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, hakosi shughuli. Siku hizi haonekani. Harusini anatuma zawadi, mwenyewe haji. Kwenye gari la Chake anakaa karibu na mlango, roho juu. Maji hanywi. Ukimuuliza anajibu, "Nimechoka tu." Siku mko wawili, ndipo anapokutolea la moyoni: anakwenda haja mara kwa mara, inamuunguza, na mwisho mwisho inatoka na damu. Hujafungua mdomo, anaongeza: "Lakini usimwambie mtu. Mume wangu atasema nimeyaleta kutoka nje."

Basi hapo ndipo urafiki unapopimwa. Msomaji wangu, kumhurumia ni rahisi. Kazi iko kwenye ile safari yenye vituo vingi: kupima, kusubiri majibu, kurudi, kumeza dawa, kurudi tena. Wengi hawashindwi na ugonjwa wenyewe, wanakatia njiani kati ya kituo kimoja na kingine. Rafiki ni wa kuhakikisha hakatii njiani.

Kwanza mtoe hofu

Usianze kumuuliza maswali ya polisi, alikuwa wapi na nani. Mwambie hivi: damu kwenye mkojo ina sababu nyingi, na nyingi hazihusiani kabisa na uasherati. Kuna maambukizi ya njia ya mkojo, ile UTI tunayoisikia kila siku. Kuna mawe ya figo au ya kibofu. Na kwa sisi watu wa visiwani kuna mzee mmoja tunayemfahamu tangu skuli, anaitwa kichocho.

Kichocho cha mkojo kinaletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Jike hutaga mayai yenye ncha kama mwiba. Mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na hayo yaliyokwama ndiyo yanayoleta kidonda, maumivu na damu. Mkojo wenye mayai ukiingia kwenye kijito au dimbwi, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono wa majini, wanakua humo, kisha wanatoka na kutafuta ngozi ya mtu. Ukiingiza miguu kufua, kuoga au kulima bonde la mpunga, vinapenya bila wewe kuhisi kitu.

Hapo utanisikiliza vizuri. Kwanza, maji ya bahari hayaleti kichocho, kwa hiyo mvuvi wa Tumbe hakipati baharini, anakipata akienda kuoga kijitoni baada ya bahari. Pili, kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana, wala kwa kukaa choo kimoja, wala kwa kula sahani moja. Lazima kipite kwa konokono kwanza. Shoga yako akilielewa hilo tu, nusu ya mzigo umeshamshuka.

Pemba imepigana na ugonjwa huu muda mrefu. Miaka ya 1980 watoto wa skuli walikuwa wakipimwa mkojo kwa vijiti vinavyobadilika rangi. Mwaka 2000 ikafunguliwa maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake. Kati ya 2012 na 2017 mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho uligawa dawa Unguja na Pemba, na kuanzia 2020 hadi 2024 watafiti walirudi kaskazini ya Pemba kukisaka pale kilipojificha. Kazi hiyo imezaa matunda, kichocho kimepungua sana. Ila kuna ubaya wake: kitu kikipungua watu wanakisahau. Mtu mzima anaona damu, anawaza zinaa, saratani, au kurogwa. Kichocho hakimjii kichwani kabisa.

Siku ya vipimo

Msindikize. Nasema msindikize, sio umwambie "utanijulisha". Anzeni kituo cha afya cha karibu, na wakiona haja watawapeleka mbele, Micheweni, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani. Safari ya gari kwa mtu mwenye kibofu kinachomsumbua ni adhabu, kwa hiyo wewe ndiye wa kuzungumza na dereva mapema kwamba mtaomba kusimama. Asione haya yeye, ona wewe. Beba kanga ya ziada na nguo ya kubadilisha, uviweke kwenye mfuko wako, sio wake.

Kipimo cha kwanza huwa ni mkojo. Kama anatafutwa kichocho, mkojo mzuri ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana saa hizo ndipo mayai yanapotoka kwa wingi, na matone ya mwisho ndiyo yenye habari. Kwa hiyo kumwamsha alfajiri akojoe kwenye chupa aende nayo mchana hakumsaidii. Kama yuko kwenye siku zake aseme, kwa sababu damu ile itachanganya majibu. Maabara watachovya kijiti kuona kama kuna damu, kisha watachuja mkojo na kuangalia mayai kwa hadubini. Wanaweza pia kuotesha mkojo ili wajue ni bakteria gani na inakufa kwa dawa gani. Hiyo huchukua siku mbili tatu, msianze kugombana na mtu wa maabara.

Baadaye anaweza kuandikiwa altrasaundi, ile picha ya tumbo. Hapo ataambiwa anywe maji mengi na asiende haja mpaka apigwe picha. Kwa mtu ambaye kibofu kinamuuma, nusu saa hiyo ni kama siku nzima. Kaa naye, mpigie soga, mchekeshe, ila usimchekeshe sana jamani! Ikiwa ni Ramadhani, ulizeni mapema kama kipimo kinaweza kupangwa wakati mwingine, au atumie ruhusa ya mgonjwa kisha alipe.

Kipimo ambacho wengi wanakiogopa ni kile cha kuingiza mrija mwembamba wenye kamera kwenye njia ya mkojo ili daktari akione kibofu kwa ndani. Si kila mtu anakihitaji. Akiandikiwa, kwa kawaida hupakwa dawa ya ganzi kwanza, na baada ya hapo kuunguzwa kidogo na damu kidogo kwa siku moja mbili ni kawaida. Akipata homa, akitoa mabonge ya damu au akishindwa kabisa kukojoa, arudi hospitali siku ile ile, asingoje kuche.

Na wewe msindikizaji, beba daftari na kalamu. Mgonjwa mwenye wasiwasi anasikia neno moja kati ya kumi. Andika haya matano: kipimo hiki kinatafuta nini, majibu ni lini na tumwone nani, dawa ni ipi na inamezwa vipi, turudi tarehe gani, na dalili gani zikitokea tuje mbio. Mkifika nyumbani anaweza kuisoma mwenyewe akiwa ametulia.

Dawa si mwisho wa safari

Ikithibitika ni kichocho, dawa yake ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito wa mtu, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na mara nyingi humezwa siku moja tu. Ale kwanza chakula cha kushiba. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vinaweza kuja, na hupita. Siku hiyo usimwache peke yake na watoto wadogo na kuni zinawaka. Nenda upike wewe.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Damu ikikoma wanaona mambo yamekwisha. Dawa hii inaua minyoo mikubwa, ile michanga inaweza kubaki. Ndiyo maana daktari humwita tena baada ya wiki kadhaa kupima upya, na pengine kumpa dozi nyingine. Halafu dawa haimkingi. Akirudi kwenye dimbwi lile lile anaanza upya. Na kichocho kikiachwa miaka na miaka kinaharibu kibofu na figo, na mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikitaja rasmi kuwa kisababishi cha saratani ya kibofu. Simtishi mtu. Nasema tarehe ya kurudi iandikwe kwenye simu yako pia, isibaki kwenye simu yake peke yake.

Na kama si kichocho? Bado safari ni ile ile. Ikiwa ni UTI amalize dozi yote, asigawane vidonge na jirani. Na mwenye umri mkubwa anayetoa damu, hata isiyouma, asikubali kuishia kwenye kidonge cha dukani. Aendelee mbele mpaka chanzo kijulikane.

Kuhusu mume, na kuhusu siri

Akina mama, hili tulisikilize kwa makini. Mayai ya kichocho yanaweza kukaa pia ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Mwanamke anaumia wakati wa tendo la ndoa, anatokwa na damu baada yake, anapata uchafu usio wa kawaida. Dalili zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na ndoa ngapi zimeingia doa kwa kufanana huko! Mkojo unaweza kuonekana safi na mayai yako kwenye kizazi. Kwa hiyo kama dalili ni hizo, amweleze daktari waziwazi na ataje kwamba amekulia kwenye vijito na mabonde. Akitaka kuonwa na daktari mwanamke aulize, si kosa.

Mume aambiwe, lakini na mkewe mwenyewe, kwa wakati anaouchagua yeye. Wewe shoga usijipe uwakili. Unachoweza ni kumwandaa: "Mwambie mume wako umepimwa, huu ugonjwa ni wa maji, na daktari anashauri naye apime pamoja na watoto, maana maji mnayotumia ni mamoja." Ikiwezekana waende wote siku ya majibu, mume alisikie kwa mwenye koti jeupe. Na nyinyi akina baba mnaosoma gazeti la mkeo kwa kuibia, rafiki yako wa kijiweni naye anaweza kuwa anakojoa damu na kunyamaza. Zipo sehemu nyingi za Afrika ambako kijana akitoa damu wanaona ndiyo ukubwa unaingia. Hakuna ukubwa wa aina hiyo.

Siri ibaki siri. Tumbe si mji mkubwa, neno likitoka barazani asubuhi, adhuhuri liko dikoni. Watu wakikuuliza shoga yako ana nini, jibu "anaumwa, muombeeni" na ubadilishe mazungumzo.

Na kama mkojo unamvuja, usiache akajifungia. Mwenye udhuru ana nafuu yake katika kutawadha na kusali, amuulize mwalimu anayemwamini atamfahamisha. Shughuli ikiwepo mkaribishe, mtafutie nafasi karibu na msala, na ukimwona anainuka inuka nawe, ionekane mnakwenda pamoja kutengeneza mitandio.

Wasomaji wangu, mwezi huu mpigie yule rafiki aliyeanza kupotea kwenye shughuli bila sababu. Usimuulize mbele ya watu. Nenda kwake, kaeni wawili, umuulize kwa upole, na akikwambia mwulize jambo moja tu: "Tunakwenda siku gani?" Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.