Usivuke Namanga Bila Fedha ya Wenyeji

Ndugu zangu mnaosafiri, hasa nyinyi wa Arusha na Moshi mnaokwenda Nairobi kununua mali, kutibiwa au kusalimia jamaa, nina neno nanyi. Pasi mnazo, mizigo mmeifunga vizuri, nauli mmelipa mapema. Lakini wengi wenu mnafika Namanga hamna hata shilingi moja ya Kenya mfukoni. Mkiulizwa, mnajibu: tutabadilisha hapo hapo mpakani. Jibu hilo ndilo ninalotaka tulipime.

Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja kifunguliwe rasmi mwishoni mwa 2018, maofisa wa nchi zote mbili wanahudumia wasafiri chini ya paa moja. Shida iko nje ya jengo. Dereva anapiga honi, abiria wenzako wanakuita, nawe umezungukwa na vijana wenye mabunda ya noti. Utapata wapi nafasi ya kuulizia kiwango kwa mtu wa pili? Unahesabiwa chapuchapu, noti moja imekunjwa katikati ikahesabiwa mara mbili, nawe unaitikia tu. Pengine katikati ya bunda imechomekwa noti ya elfu moja ya zamani, yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, ambayo ilikoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Noti za zamani za mia tano na zilizo chini yake hazikufutwa, kwa hiyo mgeni akiiona sura ile hashtuki. Sisemi kwamba wabadilishaji wote ni matapeli. Wapo waungwana, ila mwenye haraka hana uwezo wa kuwachagua.

Kijana wa leo atanicheka: mzee, fedha ziko kwenye simu! Naam, Kenya ndiko M-Pesa ilikoanzia mwaka 2007, na leo hata muuza mboga amebandika namba yake ya malipo kwenye kibanda. Lakini hebu tafakari. Mwenyeji anatembea bila noti kwa sababu ana laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Laini yako wewe huenda ikashika mtandao ng'ambo, huenda isishike, na mpaka usajili nyingine kwa pasi yako, kondakta wa matatu atakuwa amekwisha kukushusha. Kwa hiyo kadiri wenyeji wanavyoacha noti, ndivyo mgeni anavyozihitaji zaidi. Kadi ya benki nayo utaitumia hotelini na kwenye maduka makubwa. Mwenye bodaboda utampa kadi aifanyie nini?

Liko na la adabu, na hili mimi naliona kubwa kuliko yote. Mama wa kibandani amekupa chai na mandazi, nawe unamnyoshea noti ya elfu kumi ya Tanzania. Akikataa, amekosa mauzo. Akikubali, itambidi aache biashara yake aende kutafuta wa kumbadilishia, tena kwa kiwango atakachopangiwa. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu amepona nini? Umemfanya benki yako bila kumlipa ujira. Na Wakenya mnaokuja kwetu, msidhani nawasema Watanzania peke yao. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kulipia bidhaa na huduma za humu nchini kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa.

Wako wanaosubiri sarafu moja ya Afrika Mashariki. Babu zetu walikuwa nayo, mpaka kila nchi ilipoanza kutoa shilingi yake mwaka 1966. Itifaki ya kuirudisha ilitiwa saini Kampala mwaka 2013, ikalenga 2024. Mwaka huo umepita na shilingi zetu bado ni mbalimbali.

Basi nendeni mjini siku moja kabla ya safari, kwenye duka la fedha lenye leseni, mbadilishe kiasi cha kutosha nauli, chakula na dharura ya siku moja au mbili. Dai risiti. Omba noti ndogo, za hamsini, mia na mia mbili, maana asubuhi kondakta hana chenji ya elfu. Nyingine zihifadhi mbali na mfuko unaoutoa mbele za watu.

Kisha jizoezeni hesabu. Shilingi moja ya Kenya, kwa viwango vya miaka hii, ni karibu shilingi 20 za kwetu. Mtanzania akisikia "mia tano" anawaza ile sarafu ya kumpa mtoto akanunue pipi, naye anaitoa bila kubisha. Kumbe ametoa elfu kumi! Wengi hurudi wakilalamika kwamba Nairobi ina wizi, na hakuna aliyewaibia. Ukitajiwa bei, zidisha kwa 20 kabla mkono haujaingia mfukoni.

Siku ya kurudi, noti zilizobaki zinabadilishika. Sarafu za chuma maduka ya fedha kwa kawaida hayazipokei, kwa hiyo zimalize huko huko, kwa maji ya kunywa au mahindi ya kuchoma, kabla gari halijafika mpakani.