Msimamizi wa Umeme Atatoa Hesabu kwa Nani?



Hakuna parokia yetu isiyojua maana ya umeme kukatika. Ibada ya jioni humalizikia gizani, chanjo za zahanati huwa hatarini kuharibika, na fundi wa kuchomea vyuma huketi mlangoni pa karakana yake akingoja, huku mapato ya siku yakipotea. Kwa hiyo tunaposikia kwamba zinajengwa nyumba kubwa za kompyuta ambazo umeme wake hautakiwi kukatika hata sekunde moja, yatupasa kuuliza maswali matatu: umeme huo unatoka wapi, nani anaugawa, na gharama yake inamwangukia nani?

Nyumba hizo huitwa vituo vya data. Humo hutunzwa hesabu za benki, kumbukumbu za serikali, picha na barua zetu. Siku hizi humo pia hufanya kazi mashine za akili mnemba, yaani programu zinazojifunza kutokana na wingi wa habari na kutoa majibu kana kwamba zinafikiri. Mashine hizo hula umeme mwingi, na karibu umeme wote zinaoutumia hugeuka kuwa joto. Zisipopozwa mchana na usiku, huzimika au huharibika. Tena, kwa kuwa kungoja kuunganishwa na gridi huweza kuchukua miaka, makampuni kadhaa yameamua kujizalishia: yanaweka mitambo ya gesi, mitambo ya nguvu za jua, betri kubwa kama makontena na mitambo ya kupoza, yote katika kiwanja kimoja.

Vitu vingi namna hiyo haviwezi kwenda pamoja bila msimamizi. Betri zijazwe saa ngapi, na zitumike saa ngapi? Mtambo wa gesi uwashwe lini? Maji ya kupoza yapite kwa kasi gani? Kazi hiyo sasa inaanza kukabidhiwa akili mnemba yenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Google ilitangaza kwamba programu ya DeepMind ilipunguza kwa hadi asilimia 40 umeme uliokuwa ukitumika kupoza vituo vyake. Mwaka 2018 ikaongeza kwamba programu hiyo imeachiwa kuendesha mitambo ya kupoza yenyewe, chini ya uangalizi wa watu, ikipokea kila baada ya dakika 5 vipimo kutoka maelfu ya vifaa.

Sisi hatulaumu jambo hilo. Kupunguza upotevu ni wema, na umeme usiopotezwa waweza kumfaa mwingine. Tatizo liko mahali pengine. Msimamizi huyu hana dhamiri. Hufuata lengo aliloandikiwa, nalo huandikwa na aliyemwajiri. Akiambiwa apunguze gharama na kuhakikisha kompyuta hazizimiki, atafanya hivyo kwa uhodari wa ajabu. Lakini moshi unaoingia katika nyumba ya jirani, kama haukuandikwa katika hesabu yake, kwake haupo.

Tuchukue mfano wa maji. Iko njia ya kupoza kompyuta kwa kuacha maji yageuke mvuke, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa kwa kutoa jasho. Njia hiyo huokoa umeme, lakini maji yakishakuwa mvuke hayarudi kisimani. Programu iliyoagizwa kuokoa umeme peke yake itapendelea kutumia maji. Na katika nchi kame itasifiwa kwa uangalifu wake, huku wafugaji walio jirani wakihangaika kunywesha mifugo. Programu haikukosea. Aliyekosea ni yule aliyeandika agizo lenye kipimo kimoja tu.

Yaliyotokea katika mji wa Memphis, nchini Marekani, yanatufundisha. Mwaka 2024 kampuni ya xAI ilifungua kituo kikubwa cha akili mnemba katika jengo lililokuwa kiwanda, upande wa kusini-magharibi mwa mji. Umeme wa gridi uliopatikana haukutosheleza haraka ya kampuni, ndipo ikaletwa mitambo ya gesi, na betri kubwa pia. Karibu na hapo uko mtaa wa Boxtown, ulioanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani, ambao kwa miaka mingi umeishi na hewa ya viwanda. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 wanasheria watetezi wa mazingira walitoa picha zilizopigwa kutoka angani, wakasema wamehesabu mitambo 35 isiyo na kibali cha kuchafua hewa. Waliotetea mradi walijibu kwamba mitambo ya muda haikuhitaji kibali hicho. Mwezi Julai mwaka huo idara ya afya ya eneo hilo ilitoa kibali cha mitambo 15.

Hatujifanyi mahakimu wa ugomvi huo. Hata hivyo, jambo moja ni wazi: watu walikuwa wakibishana juu ya idadi ya mitambo wakati mitambo imekwisha washwa. Programu stadi kiasi gani ingeweza kumsaidia mama wa Boxtown mwenye mtoto mgonjwa wa pumu, ikiwa hata waliopewa dhamana ya afya yake hawakukubaliana na jirani zake juu ya kinachohitaji kibali na kisichohitaji?

Je, msimamizi huyu hawezi kuagizwa vinginevyo? Aweza sana. Katika mji wa Phoenix, huko huko Marekani, jaribio la mwaka 2025 lilionyesha programu ikipunguza kwa asilimia 25, kwa muda wa saa 3, umeme uliotumiwa na kundi la kompyuta za akili mnemba wakati mahitaji ya umeme yalipokuwa makubwa. Kazi zisizo na haraka zilipunguzwa mwendo. Zile za lazima ziliendelea. Nchini Ireland vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wote uliopimwa mwaka 2015, na kufikia mwaka 2023 vikatumia asilimia 21. Mdhibiti wa nishati wa nchi hiyo alikuwa amekwisha kuelekeza mwaka 2021 kwamba maombi mapya yapimwe kwa kuangalia kama kituo kitazalisha au kuhifadhi umeme wake chenyewe, na kama kinaweza kupunguza matumizi gridi inapolemewa. Kumbe basi jirani anaweza kuingizwa katika hesabu, mradi wenye mamlaka watake, na wananchi wadai.

Mambo haya si ya ng'ambo tu. Mwezi Mei 2024 makampuni ya Microsoft na G42 yalitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, karibu na Naivasha, kwa kutumia umeme wa joto la ardhini, kwa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1. Ilisemwa kwamba kituo kingeanza na megawati 100, na baadaye kingeweza kufika megawati 1,000. Tukumbuke kwamba kilele cha matumizi ya umeme ya Kenya nzima mwaka 2025 kilizidi megawati 2,300. Yaani kituo kimoja kingeweza kudai zaidi ya theluthi moja ya kiasi kinachotumiwa na taifa zima saa ya jioni, wakati kila nyumba imewasha taa.

Tena Olkaria ina kumbukumbu yake. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha mtambo wa Olkaria IV, na baadhi yao wakapeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kuhusu jinsi walivyohamishwa. Umeme wa joto la ardhini ni safi kuliko wa makaa ya mawe, jambo ambalo tunamshukuru Mungu kwalo. Lakini usafi wa umeme hauthibitishi kwamba haki imetendeka kwa mwenye ardhi.

Basi tufanye nini? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai mradi mkubwa upimwe athari zake kabla ya kuanza, na wananchi wasikilizwe. Haki isiyodaiwa hulala kabatini. Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wayajadili maswali yafuatayo, na wayapeleke popote mradi wa namna hii utakapoletwa:

1. Msimamizi wa mitambo ameagizwa kupunguza nini: gharama peke yake, au pia moshi, kelele na maji?

2. Umeme ukipungua nchini, nani atapunguziwa kwanza: kituo, au hospitali na nyumba za watu?

3. Vipimo vya hewa na maji vitatangazwa wapi, kwa lugha gani, na kila baada ya muda gani?

4. Ni mtu gani, mwenye jina na ofisi, atakayejibu endapo uamuzi wa programu utawadhuru watu?

Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mashine haiwezi kuitwa barazani, haiwezi kuona aibu, wala haiwezi kuomba radhi. Asiruhusiwe mtu yeyote kujificha nyuma yake na kusema kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et Nova, ya Januari 2025, nayo inataja wazi kwamba akili mnemba hutumia umeme na maji kwa wingi. Nasi tunaujua mfano wa wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Wakili wa leo ni programu, na hesabu zake ni za haraka kuliko za mwanadamu yeyote. Lakini anayepaswa kuitwa ni yule aliyempa kazi. Tusingoje mpaka mitambo iwashwe ndipo tuanze kuihesabu. Tuulize sasa, tuulize kwa heshima, na tusichoke kuuliza.

Mhariri