Kuongeza Mitambo Si Kugawa Kazi

Mtandao wa mawasiliano unapoelemewa, rai inayotangulia aghalabu ni moja: inunuliwe mitambo zaidi. Rai hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe yaweza kuthibitishwa kwa hesabu ya shule ya msingi.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, Wameru na Waarusha wamechimba mifereji ya kumwagilia mashamba tangu kabla ya ukoloni. Mkulima wa bonde la Mto Nduruma anafahamu kuwa mfereji mpya haumfai kitu pasipo lango la kugeuzia maji na zamu inayoheshimiwa. Data nayo husafiri kwa mikondo, nayo yahitaji lango. Lakini mfano huu una mpaka wake, kwa sababu maji hayana kumbukumbu. Yakihamishwa kutoka mfereji huu hadi ule, mgomba hautambui tofauti. Mazungumzo ya kompyuta hayako hivyo.

Chukua shule yenye kompyuta 40 zinazotumia anwani moja ya intaneti. Uchache wa anwani ndio unaolazimisha hali hiyo, kwani mfumo wa zamani, ambao ungali ukitumika, una anwani bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Mlangoni hukaa mfasiri wa anwani, mwenye daftari linaloonyesha kila jibu lirudi kwa kompyuta ipi. Kampuni yenye maelfu ya wateja huhitaji wafasiri kadhaa. Hapo awali kila mfasiri alikuwa sanduku lililoundwa kwa kazi hiyo pekee. Mwaka 2012 makampuni 13 ya simu yalitoa waraka mjini Darmstadt, Ujerumani, yakitaka kazi za namna hiyo zifanywe na programu ndani ya seva za kawaida. Faida yake ni kubwa: wafasiri watatu wakielemewa, wa nne hupatikana kwa dakika chache, bila kungoja shehena kutoka bandarini.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Njia nyepesi ya kugawa kazi ni kuupa kila mkondo nambari, kuigawanya nambari hiyo kwa idadi ya wafasiri, kisha kuupeleka mkondo kwa mfasiri anayelingana na baki. Nambari 17 ikigawanywa kwa 3 hubakiza 2. Kwa 4 hubakiza 1. Mwanafunzi akiandika nambari 0 hadi 11 na kutafuta baki zake kwa 3, kisha kwa 4, ataona kuwa ni tatu tu, yaani 0, 1 na 2, zinazosalia mahali pake. Tisa zimehamia kwa mfasiri asiye na daftari lake. Msaada uliokusudiwa umekata mazungumzo tisa kati ya kumi na mawili! Mhitimu wa kidato cha sita pale Usa River, anayetuma vyeti vya kuombea mkopo saa ya mwisho, hataelezwa sababu. Ataona tu kwamba kazi yake imekatika.

Dawa ipo. Mwaka 1997 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza njia ya kuzipanga nambari kwenye duara, ambapo mtambo wa nne huchukua takriban robo tu ya mikondo. Ili robo hiyo nayo isiumie, lango hupewa orodha: mkondo uliokwisha kuanza hubaki kwa mfasiri wake hadi umalizike, na mikondo mipya ndiyo hupelekwa kwa mgeni. Wengine huhamisha kurasa za daftari pamoja na mkondo wenyewe. Hiyo ni kazi ya ustadi mkubwa, maana data haisimami kungoja daftari linakiliwe. Kwa mitandao ya kiasi, kama ya vyuo vya Arusha, orodha yatosha, ijapokuwa mkondo mrefu, kama vile somo la video, huendelea kumwelemea mfasiri ambaye tayari amechoka.

Kwa hiyo fedha za mtambo wa nne zisitolewe kabla ya kuulizwa lango litafuata kanuni gani, wala swali hilo lisiachiwe wahandisi wa Dar es Salaam peke yao. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko papo hapo Tengeru, na shule za sekondari jirani zaweza kuanza na zoezi la baki, ambalo halihitaji hata kompyuta moja: nambari kumi na mbili, ubao na chaki.