Usimfunge Punda Chini ya Mparachichi



Tangu mpango wa makazi wa ekari milioni moja uanze mwaka wa 1962, mwenye ploti amefundishwa kutumia kila pembe ya shamba: mahindi hapa, ng'ombe wa maziwa pale, na siku hizi maparachichi ya Hass na Fuerte. Ni jambo jema. Lakini kuipanda miti hiyo katikati ya malisho, au kuwatupia mifugo matawi yaliyokatwa, haifai hata kidogo.

Sababu ni hii. Mparachichi una sumu iitwayo persini, na majani ndiyo yenye sumu zaidi. Mbuzi akila gramu 20 za majani kwa kila kilo ya uzito wake, kiwele huvimba na kuwa kigumu, na maziwa hupungua na kuganda mabonge. Akila gramu 30, moyo huharibika. Mimi ni karani, si daktari, lakini hesabu hii ni ya darasani: kwa mbuzi wa kilo 30, gramu 600 zatosha kuharibu kiwele, na gramu 900 moyo. Hata kilo moja haijafika! Punda na farasi huvimba midomo, kichwa, shingo na kifua, na wengine hufa. Ng'ombe, kondoo na sungura nao wamo hatarini.

Wako watakaosema, "Mbuzi wangu wameyala miaka mingi, wala hawakufa." Huenda ni kweli. Miti haifanani, yenye asili ya Guatemala ndiyo inayojulikana kwa sumu, na Hass na Fuerte zina asili hiyo. Tena mnyama aliyeshiba huonja tu akaenda zake. Lakini kiangazi kikikausha nyasi, atakula ajaze tumbo. Na kondoo waliolishwa majani kidogo kidogo kwa muda wa mwezi mmoja walionekana wameharibika moyo.

Iko hasara nyingine. Kiwele kilichovimba kwa majani haya hakikuvimba kwa vijidudu. Mkulima asiyejua hununua dawa ya kiwele, fedha zikapotea, na maziwa yasirudi.

Kwa hiyo, izungushie miti yako ua. Punda mtafutie kivuli kingine. Matawi uliyopogoa yafanye mboji humo humo ndani ya ua. Ukiona mnyama amevimba, mwondoe hapo upesi, umwite daktari wa mifugo, nawe umwambie bila kuficha alichokula.

Fedha ya maparachichi huja kwa msimu, lakini maziwa hukamuliwa kila siku, nayo ndiyo yanayonunua chumvi na vitabu vya watoto. Shamba laweza kukupa vyote viwili, mradi kila kimoja kikae upande wake wa ua.