Katuni ya Kutisha na Mvi za Wazee

Kijana wa Kuruwitu, hapa pwani ya Kilifi, mwenye kipaji cha kuchora, akiwa na simu nzuri na kompyuta ya kuazima, akitaka leo kutunga filamu fupi ya katuni ya kutisha kwa hadithi zinazozungumzwa mitaani kwetu, hana haja ya kwenda kuomba mazimwi kwa watu wa mbali, kwa sababu mwambao huu, tangu Mtwapa hata Malindi, umejaa hekaya za usiku ambazo abiria yeyote wa matatu aweza kuzisimulia bila ya kutafuta maneno. Namtakia heri, na makala haya nayaandika kwa kusudi la kumtia nguvu. Walakini ninalo sharti moja ambalo naliona kuwa zito kuliko ufundi wote wa kalamu na rangi: kitisho cha filamu hiyo, kiwe kiwacho, kisiwe mzee mwenye mvi.

Hekaya mashuhuri kuliko zote ni ile ya mwanamke wa Mombasa. Mtu atoka matembezini usiku, akutana na mwanamke mzuri aliyejitanda buibui, avutwa na haiba yake na harufu ya udi, wakaandamana wakizungumza, hata anapotupa jicho chini aona kwamba mahali pa nyayo pana kwato za punda. Atimua mbio asijue aendako, mpaka amfikie korokoroni anayeota moto mlangoni pa duka, amweleze kwa pumzi za kukatika yaliyomsibu, na korokoroni, baada ya kumsikiliza kwa upole, apandisha kanzu yake taratibu na kumwuliza, “Zilikuwa kama hizi?”

Wako wasemao kwamba kwato zilikuwa za ng'ombe, na kila mtaa huweka kisa hiki katika njia yake, lakini mfumo wake haubadiliki, na ndio uliokipa umri mrefu. Mwanamke yule ni chambo tu. Hofu yenyewe inazaliwa pale mtu anapopoteza mahali pa kukimbilia. Wajapani wanayo hekaya iliyo ndugu yake kabisa, ambayo Lafcadio Hearn aliiandika katika kitabu chake Kwaidan mwaka 1904, ya mtu aliyemkimbia kiumbe asiye na uso akaenda kuangukia kwa mchuuzi wa tambi, kumbe naye hana uso. Hapana ushahidi kwamba hadithi moja ilisafiri kwa jahazi kumfuata mwenziwe; binadamu wote wanaogopa jambo hilo hilo, kwamba yule aliyetarajiwa kuwa mwokozi ni mmoja wa mazimwi yale yale yaliyokimbiwa.

Basi kijana wetu aihamishe hekaya hiyo mpaka kwake. Njia ya bodaboda itokayo Vipingo kuteremkia pwani, baina ya mashamba ya mkonge yaliyopangwa safu safu na kutiwa weusi na usiku, yatosha kumtia mtu fadhaa kabla jini hajatokea. Asizionyeshe kwato mapema, azisikizishe. Mlio wao juu ya lami si sawa na mlio wao juu ya mchanga, wala si sawa na mlio wao juu ya mawe ya matumbawe, na mtazamaji aliyezaliwa huku atatambua kwa sikio peke yake kwamba kiumbe kimeacha barabara na sasa kinakaribia nyumba.

Gharama isimkatishe tamaa. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde, na hata mchoraji akijitosheleza na nusu yake, filamu ya dakika 6 itamdai michoro 4,320, kazi ambayo mtu mmoja haimalizi kwa urahisi. Lakini wako waliopita njia nyepesi. Yamishibai, mfululizo wa Kijapani ulioanza kuonyeshwa mwaka 2013, una vipindi vya dakika chache vilivyojengwa juu ya hekaya za mitaani, na picha zake aghalabu ni kama za karatasi zilizokatwa, zisizotikisika ila kidogo. Utulivu ule wa picha ndio unaomkaza mtazamaji. Zamani zaidi, mwaka 1926, Lotte Reiniger wa Ujerumani alitoa filamu nzima ya vivuli vya karatasi nyeusi kwa hadithi zilizotokana na Alfu Lela Ulela, na sijui umbo gani duniani lifaalo kuwa kivuli kuliko buibui mlangoni. Karibu zaidi, Raymond Malinga wa Kampala alitoa mwaka 2017 filamu fupi ya katuni juu ya kalabanda, zimwi linalotajwa katika shule za Uganda, ambalo humo linasingiziwa kula kazi ya mwanafunzi. Yake ni ya kuchekesha, lakini imethibitisha kwamba hekaya za mabwenini zaweza kuwa sinema.

Sasa nirudie sharti langu. Hofu imefanya kazi njema katika nchi hii. Misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008, ilihifadhiwa kwa miiko na kwa hofu ya yatakayompata mwenye kukata mti usio wake. James Kirkman, aliyeanza kuyachimba magofu ya Gede mwaka 1948, aliandika yeye mwenyewe kwamba alihisi akitazamwa kutoka nyuma ya kuta. Na hapa Kuruwitu wazee na wavuvi, walioanzisha umoja wao mwaka 2003 na kuzifunga hekta 30 za bahari zisivuliwe mwaka 2005, hata wakatuzwa tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2017, walitumia mapatano na doria. Lakini waliyatumia katika mwambao ambao watu wake walikwisha kuzoea kwamba pako pahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Hofu ya namna hiyo yastahili filamu, na jini anayemlinda samaki wa tengefu dhidi ya nyavu haramu angekuwa kitisho chenye insafu.

Iko hofu nyingine, nayo inaua. Mwaka 1995, Unguja ilipofadhaishwa na habari za zimwi liitwalo Popobawa, mtu mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Na katika kaunti yetu ya Kilifi, kwa miaka mingi sasa, wazee wanashukiwa uchawi na kuuawa, mara nyingi na watu wa damu yao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba linalotakiwa kurithiwa kabla ya wakati. Walionusurika wamekimbilia kituo cha hifadhi cha Kaya Godoma, huko Ganze, wakaacha nyumba na minazi waliyoipanda kwa mikono yao.

Atakayenijibu kwamba katuni ni mchezo tu, na afikiri jinsi inavyochorwa. Mchoraji huchagua alama chache na kuzikuza: mgongo uliopinda, mvi zilizotimka, bakora, macho mekundu. Macho hayo, kwa bibi wa kweli wa Chonyi au Ganze, yametiwa wekundu na miaka ya moshi wa kuni za kupikia wajukuu. Kipande cha filamu kitakatwa, kitapelekwa kwa simu toka mkono hata mkono bila mwanzo wala mwisho wake, na kijana mwenye tamaa ya shamba ataonyeshwa sura ya bibi yake kwa jina la mchawi.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla ya kuchora mchoro wa kwanza, mtunzi apande gari mpaka Kaya Godoma, awasomee wazee andiko lake kwa Kigiryama, na awasikilize watakaposema kwamba pahali fulani pafutwe. Kisha, wakiridhia, azirekodi sauti zao, ndizo ziwe sauti za filamu, ya msimulizi na ya jini pia, kwa kuwa hakuna wanaozijua hekaya hizi kuwashinda. Na ujira wao awalipe siku ile ile, mkononi mwao wenyewe.