Sheria ya Kuwinda Yamlinda Nani?

Wako wenzetu wasemao, "Sheria za kuwinda ni hila tu za wakubwa, wao wale nyama, sisi tuitazame." Hatuwacheki, maana zamani ilikuwa kweli. Walakini twakataa kwamba kila sheria ya kuwinda ni hivyo, na ushahidi wetu ni habari za ayala, yule mnyama tumjuaye katika Zaburi. Kwetu hayuko, bali Uingereza na Uskoti amejaa.

Zamani za wafalme wa Kinormani, ayala wa Uingereza walikuwa mali ya mfalme, na maskini aliyemwua mmoja aliweza kutobolewa macho au kuuawa. Hata mwaka 1217 ikatolewa Hati ya Misitu, kwamba mtu asipoteze uhai wala kiungo kwa ajili ya wanyama wa mfalme. Lakini mwaka 1723 adhabu ya kifo ilirudi, juu ya watu waendao kuwaiba ayala wakiwa na silaha, nyuso zao zimepakwa masizi. Sheria hizo zilimlinda nani? Si mnyama, ila anasa ya mwenye nguvu.

Sasa tutazame sheria za leo. Ayala mwekundu huzaa zaidi mwezi wa Mei na Juni, na ndama wake hunyonya miezi mingi. Basi Uskoti jike huwindwa tangu 21 Oktoba hata 15 Februari. Uingereza tangu 1 Novemba hata 31 Machi. Tarehe hazilingani, kwa kuwa kila nchi ina sheria yake, na mwindaji avukaye mpaka hana budi kuuliza kwanza. Lakini shina ni moja: akiuawa mama mwezi wa Julai, risasi moja imeua wawili, na wa pili hufa kwa njaa kichakani, wala nyama yake haimfai mtu.

Tena sheria hizi si ukaidi usiogeuka. Uskoti mbwa-mwitu walikwisha zaidi ya miaka 200 iliyopita, na ayala wamezidi hata wanakula miche ya miti isipate kukua. Kwa hiyo mwaka 2023 miezi ya kukatazwa madume ilifutwa. Ya majike ikabaki. Kwa nini? Dume halinyonyeshi.

Basi, enyi mtungao sheria, msiseme "Marufuku" mkanyamaza. Sheria isiyoelezwa sababu yake hushukiwa, na ni haki ishukiwe. Nasi, kabla ya kuilaani sheria yoyote ya kuwinda, tuiulize: Yamlinda nani? Ikiwa yalinda meza ya mkubwa, tuipinge waziwazi barazani. Ikiwa yamlinda ndama, tuishike, hata siku ambayo hakuna askari porini.