Si lazima uzipende mbio ili uzimalize

Mtu mzima akionekana anakimbia barabarani asubuhi, mtu wa kwanza kukutana naye humwuliza: "Kwema huko utokako?" Swali hilo lina haki yake. Tangu zamani mtu mzima amekimbia kwa sababu: nyumba inaungua, mgonjwa amezidiwa, yowe limepigwa, au adui amevuka mpaka. Wazee wa Mkoa wa Kagera hawajasahau mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera na wananchi wakakimbia na watoto mgongoni. Kukimbia pasipo kufukuza wala kufukuzwa ni jambo geni kwetu, na wengi hawalipendi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe ni miongoni mwa wasiopenda kukimbia, usijidhani mvivu. Lakini siku hizi mbio za hiari zimekuja mpaka mlangoni petu. Mbio za Kilimanjaro zilianza mjini Moshi mwaka 2003, na pamoja na marathoni kamili ziko za nusu marathoni, ambazo urefu wake ni kilometa 21 na mita 97 na nusu. Kwa mtu wa Karagwe, hesabu ni hii: barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene ina urefu wa karibu kilometa 59, na nusu marathoni ni zaidi kidogo ya theluthi yake. Abiria wa basi huenda asiuone umbali huo. Mwenda kwa miguu huuona wote, kilima kwa kilima.

Hebu tumchukulie mwalimu wa shule ya msingi huko Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa, ile iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni mama wa watoto watatu, umri wake miaka 40. Tangu utoto hapendi mbio. Lakini ameona jinsi kiharusi kilivyomlaza mama yake mzazi upande mmoja, na sasa yeye naye akipimwa, shinikizo lake la damu linaanza kupanda. Wenzake kazini wanajiandikisha kwenda Moshi, naye ameliandikisha jina lake. Fulana amekwisha kuipokea. Je, ataweza?

Jibu letu ni kwamba ataweza. Ila kabla ya hatua ya kwanza, na aende kwa daktari. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua asianze mbio kwa kusikia maneno ya gazetini wala ya jirani. Daktari akimruhusu, ndipo tuendelee.

MWENDO WA MCHAKAMCHAKA

Wengi wasemao kwamba hawapendi mbio hawakupata kuzijua mbio zenyewe. Walichokijua ni adhabu. Shuleni, aliyechelewa namba alizungushwa uwanja mpaka pumzi zikamkauka, na tangu siku hiyo miguu yake na mbio ni maadui. Lakini mtu huyohuyo ukimkumbusha mchakamchaka wa alfajiri, atatabasamu. Naye alikimbia! Kwa nini hakuchukia? Kwa sababu mbili: alikwenda pole, na alikwenda pamoja na wenzake, akiimba.

Humo ndimo ilimo siri yote ya kilometa 21. Kipimo cha mwendo ni wimbo. Ukiweza kuimba au kuzungumza sentensi nzima huku unakimbia, mwendo huo ni wako. Ukihema hata jina lako likakushinda kutamka, umekwisha kuuvuka. Punguza, au tembea. Mgeni wa mbio huondoka nyumbani kama anayefukuza kuku, akafika dakika ya tano amejikunja barabarani, kisha akasema mbio si zake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Na atenge wiki 16. Siku tatu kwa wiki zatosha. Mwezi wa kwanza, akimbie dakika mbili na kutembea dakika mbili, mpaka itimie nusu saa. Polepole dakika za kukimbia ziongezwe na za kutembea zipunguzwe. Moja ya siku hizo tatu iwe ya safari ndefu: aanzie kilometa 5, aongeze kilometa moja kila wiki, na kila wiki ya nne apunguze ili mwili upumzike. Akifikia kilometa 16, amekwisha kuiva. Si lazima azikimbie 21 zote kabla ya siku yenyewe. Hizo zilizobaki zitabebwa na mazoea na kelele za washangiliaji.

Nchi ya Karagwe na Kyerwa ni mwalimu mkali lakini mwema. Ni nchi ya vilima na mabonde, na sehemu yake kubwa iko juu kuliko mji wa Moshi, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi zaidi. Mlima upandwe kwa kutembea, bila aibu. Wa kuogopwa zaidi ni mteremko. Mtu hudhani kushuka ni kupumzika, kumbe ndiko kunakoyaumiza mapaja na magoti, hasa kwenye barabara ya changarawe. Na kwa kuwa mbio za Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mazoezi yake yataanza Novemba, wakati wa mvua na matope. Siku ya utelezi atembee kwa haraka, hakuna atakachopoteza. Kinyume chake, joto la Moshi litamkuta akiwa amezoea ubaridi wa kwao, kwa hiyo siku hiyo aanze taratibu zaidi na asipite kituo cha maji bila kunywa mafunda machache.

NANI ATAPIKA UJI?

Mpaka hapa tumesema habari za miguu. Lakini kwa mwalimu wetu kikwazo kikubwa kiko nyumbani.

Safari ya kilometa 14 kwa mwendo wa mchakamchaka yaweza kuchukua saa mbili na zaidi. Jumapili ni siku ya ibada. Kwa hiyo ni Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo ndizo za kuchota maji, kufagia, kuwasha moto na kupika uji. Baba akiamka kwenda mbio, majirani husema, "Mzee anatunza afya." Mama akifanya hivyo, huulizwa amewaachia nani watoto. Mwanamke aliyekwisha kutembea na ndoo kichwani wiki nzima huambiwa kwamba akiongeza mbio anatafuta sifa.

Ndoo na jembe ni kazi, tena kazi ngumu. Lakini hazina ratiba ya kuupumzisha mwili, wala hazimpi mtu nafasi ya kuwa peke yake na pumzi yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Ushauri huo haukuwabagua wanawake. Dakika hizo hazitashuka kutoka mbinguni. Lazima mtu mwingine wa nyumba hiyo aichukue kazi iliyokuwa ikizijaza.

Basi, wiki ya kwanza kabisa, kabla ya kutafuta viatu, mume na mke wakae wazungumze. Jumamosi uji ni wa baba. Maji yachotwe Ijumaa jioni, na watoto wakubwa, wa kiume kwa wa kike, washike ufagio. Mtoto mmoja aweza kumsindikiza mama kwa baiskeli akibeba chupa ya maji. Nyumba ikishindwa kupanga hayo, mama huyo ataacha mazoezi wiki ya tatu, na watu watasema hakupenda mbio. Ukweli utakuwa mwingine.

Chakula kisimsumbue. Ndizi zetu za kupika ni chakula bora cha kumpa mkimbiaji nguvu. Usiku wa kuamkia mbio ale ndizi za kutosha, ila maharage ayapunguze, kwani tumbo lililojaa gesi ni mzigo. Kahawa ya kutafuna, ile anayokaribishwa mgeni, ni nzuri kwa aliyeizoea. Asiyeizoea asiijaribie siku hiyo. Viatu vivyo hivyo: siku ya mbio si siku ya kiatu kipya.

KUMALIZA

Taifa letu lina mabingwa. Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005. Mwaka 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumtangulia mpinzani wake kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde moja. Tuwashangilie, lakini tusijipime nao.

Wa kujipima naye ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka akiwa amekwenda karibu kilometa 19, akaumia vibaya goti. Safari iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko nusu marathoni nzima. Watu 18 waliiacha njia siku hiyo. Yeye aliendelea, mara akikimbia, mara akichechemea, goti limefungwa bendeji, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza. Hatudhani kwamba alizifurahia kilometa zile.

Hilo ndilo tunalomwambia mwalimu wetu wa Nkwenda, na kila mfanyakazi aliyejiandikisha kisha akashikwa na hofu. Maumivu makali yakimpata, asimame na kuomba msaada, maana yeye ana watoto wanaomngoja. Lakini uchovu na kuchoshwa si ugonjwa. Hakuna anayemdai mapenzi ya mbio. Anadaiwa zile Jumamosi 16 tu, na nyumba yake inadaiwa uji. Huenda hata baada ya kuvuka mstari wa mwisho aendelee kusema kwamba hapendi kukimbia. Aseme. Hapana marefu yasiyo na ncha, na ncha hiyo ataifikia kwa miguu yake mwenyewe.